Kamba ya Miguuni

Mfarishi umekwisha, bado upindo wa miguuni.
Kitambaa ni cha miavuli mitatu iliyovunjika mbavu,
pamba ni ya Igunga, niliichambua mwenyewe
siku tatu, mpaka kope zikawa nyeupe.
Nimeupima kwenye mizani ya muuza mchele:
kilo moja na robo. Blanketi la mwaka jana
likilowa umande lilikuwa mbuzi anayegoma.

Nkwabi anaingia porini Jumatatu,
baiskeli na madumu, siku arobaini
za kurina asali upande wa Ugalla.
Mwezi wa sita Tabora, mchana hukudanganya;
usiku baridi huanza na vidole vya miguu
kisha hupanda, kama mtu mwenye hati ya nyumba.
Basi chini pafungwe kama mfuko,
na pafunguke upesi, kwa mkono mmoja, gizani,
maana siafu hawabishi hodi.

Wiki nzima, basi, nachagua kamba.

Katani kwanza. Nzuri kwa mbuzi.
Niliipitisha kwenye upindo, ikatoka na nyuzi za kitambaa
kama kucha za paka aliyenyimwa.
Lastiki: leo inabana, kesho inacheka.
Gome la myombo, lile Nkwabi anafungia mizinga,
halidai hela, lakini likikauka linalia krr, krr,
mtu akigeuka usingizini
kambi nzima inaamka.

Halafu nailoni ya kijani, ya nyavu,
imeshuka na treni kutoka Kigoma.
Nyembamba, kaidi, hainywi maji.
Hilali wa dukani aliivuta kwa meno kunionyesha.
Nikachukua mita mbili, nikaifua mara tatu
kwa sabuni ya mche. Bado paka wa jirani
alinisindikiza na dagaa wangu wa kufikirika hadi mlangoni.
Nikawaza fisi. Nikairudisha.
"Mama, hakuna kamba isiyo na kasoro."
"Kasoro nitaivumilia," nikamwambia, "harufu hapana."

Kisha, wacha niseme tu, nilifungua sanduku.
Ugwe wa suruali ya kulalia ya baba yake
ulikuwa umekunjwa mara nane, mweupe bado.
Nilidhani hadithi itaishia hapo,
mimi na machozi na upindo uliokwisha.
Nikauvuta mara moja, kwa haki,
kama nilivyozivuta nyingine.

Ukakatika.

Sikulia. Uzi uliokaa gizani miaka kumi na moja
una ruhusa ya kuchoka.
Nikaurudisha, vipande viwili, nikafunga sanduku.

Leo, kwa muuza viatu vya mitumba nyuma ya stendi,
nimeona gidamu za viatu vya mpira,
nyeusi, bapa, ndefu kama deni.
Bapa haitelezi. Bapa haikati kitambaa.
Nimepiga fundo la kitanzi, nimefumba macho,
nimevuta ncha kwa mkono wa kushoto:
imeachia kama mtu aliyekwisha kusamehe.
Elfu moja, anasema kijana. Na viatu vyenyewe?
"Havina soli, mama. Hapo mchezaji ni kamba."

Nimeunganisha mbili. Ncha nimezichoma kwa mshumaa
zisifumuke; kidole gumba nacho kimepata chake.
Shibiri moja ya ziada nimeiacha ining'inie:
fundo hula kamba,
na huyu mtoto, miaka ishirini na mbili, bado anarefuka.

Jioni amejilaza sakafuni kujaribu,
kati ya cherehani na gunia la mkaa.
Nimekaza. Nimesubiri.
"Joto, mama," anasema, na sauti yake imeshaanza kulala.
Papo hapo naona vidole vyake
vinasukuma upindo, vinatafuta nje,
kama alivyokuwa akilala tangu mdogo,
blanketi shingoni, miguu uwanjani.

Nimepiga magoti, nimelegeza kidogo.
Kamba haikubisha.